Kubandika kanopi ya RV-7 kwa gundi, bila kutoboa hata tundu moja

RV-7 ni ndege ndogo ya kujijengea, na kanopi yake, yaani paa angavu la chumba cha rubani, hufika ndani ya sanduku la mbao ikiwa puto moja la plastiki ya akriliki, kubwa kuliko beseni la kuogea. Kwa kanopi ya aina ya kuteleza, kama yangu, michoro ya Van's Aircraft, kampuni inayoiuza ndege hii, inakuelekeza uikate vipande viwili: kioo cha mbele, ambacho hubaki kwenye bodi ya ndege, na kifuniko kinachoteleza kwenye reli kuelekea nyuma. Baada ya hapo unatoboa matundu kuzunguka fremu yote ya mabomba ya chuma na kufunga kwa ribiti na skrubu. Kila tundu ni mlango wa ufa. Ndiyo maana wajenzi wengi wa RV wameacha ribiti wakahamia Sikaflex 295 UV, gundi ya poliyurethani ya kampuni ya Sika ya Uswisi, iliyotengenezwa kwa ajili ya madirisha ya plastiki ya boti.

Mimi nilizaliwa Tanga, garaji yangu iko Ohio, na kanopi yangu haina tundu hata moja. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyafanya, pamoja na makosa mawili ambayo ningependa uyaruke.

Kabla hujanunua chochote, elewa kwamba michoro ya RV-7 inasema ribiti. Ukitumia gundi, umebadilisha muundo, na mwenye dhamana ni wewe. Marekani ndege ya kujijengea ina uhuru huo, ila iandike kazi yote kwenye daftari la ujenzi, pamoja na picha na namba za toleo la gundi. Kama unajenga nchi nyingine, onana na mkaguzi wa mamlaka ya anga mapema, siyo siku anapokuja kuikagua ndege iliyokwisha kuwa nzima.

Akriliki inatembea

Kazi hii yote imejengwa juu ya jambo moja: akriliki hutanuka kwa joto karibu mara sita ya chuma, na mara tatu ya aluminiamu. Chukua kipande cha urefu wa mita 1.2. Umekibandika garajini kwenye nyuzi 22 za Selsiasi, kisha ndege ikaegeshwa juani Julai, kanopi imefungwa, ikafika nyuzi 62. Akriliki imerefuka milimita 3.4. Bomba la chuma chini yake limerefuka milimita 0.6. Tofauti ni milimita 2.8, yaani kila ncha inataka kusogea milimita 1.4 kutoka katikati. Januari hali hugeuka, akriliki husinyaa kupita chuma, na ncha zilezile huvutwa upande wa pili.

Ribiti haisogei, kwa hiyo kinachosogea ni ukingo wa tundu, na siku moja ya baridi unasikia "ta!" kama njiti ya kiberiti iliyovunjwa. Gundi laini husogea pamoja na akriliki, lakini kwa sharti la unene. Tabaka la milimita 3 likivutwa kando milimita 1.4 limeinama chini ya nusu ya unene wake, na hilo linavumilika miaka. Tabaka la milimita 1 likivutwa kiasi hichohicho limepita unene wake wote. Mpaka niliojiwekea ni huu: mwendo usizidi nusu ya unene. Ukiminya kanopi mpaka gundi ikawa nyembamba kama karatasi, umerudi kwenye ribiti kwa njia ya mzunguko.

Kwa sababu hiyohiyo usichanganye mambo kwa kuongeza skrubu chache "za usalama". Skrubu moja iliyobana kwenye tundu dogo inakuwa msumari ambao kanopi nzima inazungukia. Kama roho haitulii bila skrubu, tundu liwe pana kuliko skrubu kwa milimita kadhaa na skrubu isikazwe.

Vitu vya kuwa navyo mezani

Gundi yenyewe ije kwenye katriji za mililita 300, rangi nyeusi. Angalia tarehe ya mwisho kabla hujalipa, maana poliyurethani hugandishwa na unyevu wa hewa, na katriji iliyozeeka huwa imeanza kuwa ngumu ndani. Kuhusu idadi, piga hesabu hivi: bomba la fremu ni la duara, kwa hiyo gundi ina milimita 3 pale juu ya bomba na inanenepa kuelekea pembeni. Kwa upana wa milimita 20 na unene wa wastani wa milimita 5, mita moja inakula mililita 100. Katriji moja, mita tatu. Nilinunua tano kwa kifuniko na kioo cha mbele, na ile iliyobaki sikuijutia. Kuishiwa gundi katikati ya mstari ndiyo balaa.

Pamoja nayo nunua aktiveta (kimiminika cha kufutia na kuandaa pale pa kubandika) na praima za Sika zinazoendana. Kwenye akriliki wajenzi wengi hutumia Sika Primer-209, nyeusi kama wino. Kazi yake ni mbili: kuipa gundi pa kushika, na kuweka pazia kati ya jua na gundi, kwa kuwa jua linapita kwenye akriliki na kuila gundi kwa ndani, mahali usipoona. Usirithi praima ya mtu mwingine iliyokwisha funguliwa.

Mengine ni ya kawaida: bunduki ya gundi yenye nguvu (ile ya bei rahisi ya silikoni itakuumiza kiganja, gundi hii ni nzito), tepu nyeusi ya umeme ya vinili, msasa wa 120 hadi 400, pedi nyekundu ya kukwaruzia, glavu za naitrili nyingi kuliko unavyodhani, vitambaa vyeupe visivyotoa manyoya, vijiti vya mbao kama vya aiskrimu, na mpira wa shiti wa milimita 3. Praima ina moshi mkali wa viyeyusho na gundi ina kemikali ya aisosianeti, kwa hiyo mlango uwe wazi au vaa barakoa yenye chujio la mvuke.

Na silikoni? Itoe garajini. Spreyi ya silikoni, polishi ya gari, mpira wa silikoni, vyote. Silikoni ikigusa pale pa kubandika, hakuna kitakachoshika tena, wala rangi.

Kukata na kulainisha kingo

Pasha chumba kwanza. Akriliki ya baridi ni kavu na yenye hasira. Mimi niliwasha hita mpaka nyuzi 27, nikaacha kanopi ikae humo saa tatu ndipo nikaigusa. Kata kwa diski ya kusaga, kamwe si kwa msumeno wa meno, kwa sababu jino likikwama linanyofoa kipande. Mstari wa kukata uwekee tepu, bana pande zote mbili ili kipande kinachotoka kisining'inie na kupasua, na usiwe na haraka pale sentimita kumi za mwisho.

Ukingo uliokatwa hauruhusiwi kuachwa na hata chembe ya jino. Piga msasa wa 120, kisha 220, kisha 320, kisha 400, kwa mkono, kufuata urefu wa ukingo, mpaka ukipitisha kucha haisiti popote. Kona za ukingo zivunjwe kidogo pande zote mbili. Hii ni kazi ya jioni tatu na inachosha, ifanye.

Vipande vilivyokatwa usitupe. Utavihitaji kwa majaribio.

Kukaa bila kulazimishwa

Weka kanopi juu ya fremu bila gundi. Inatakiwa ikae yenyewe, kama sufuria juu ya mafiga. Pale inapohitaji kusukumwa kwa mkono ili iguse, rekebisha fremu au punguza akriliki, usitegemee gundi ishinde mieleka hiyo. Gundi itashika, ndiyo, na akriliki itabaki imekunjwa kwa nguvu mchana na usiku, ikisubiri baridi.

Sasa kata vipande vidogo vya mpira wa milimita 3, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, uvibandike juu ya mabomba kila sentimita 15 kwa tepu ya pande mbili. Hivi ndivyo vinavyotunza unene. Rudisha kanopi juu yake na upime nafasi kuzunguka pande zote kwa kijiti cha milimita 3. Mimi upande wa kushoto nyuma nilikuta milimita 5. Nikapunguza akriliki kidogo pembeni, ikashuka. Milimita 4 ningeiacha. Nafasi kubwa siyo tatizo kama ilivyo nafasi ndogo.

Kanopi ikiwa imekaa sawa, bandika vipande vya tepu vinavyovuka kutoka kwenye akriliki hadi kwenye bodi, kama daraja, sehemu nane hivi. Viandike namba. Kisha pitisha wembe mwepesi kwenye tepu tu pale pa muungano. Siku ya gundi, nusu ya 3 itakutana na nusu ya 3, nawe utajua kanopi imerudi palepale bila kupima chochote huku mikono imejaa gundi.

Weka pia alama upande wa ndani wa akriliki mahali bomba linapopita, maana mstari wa praima utaonekana kutoka nje maisha yote ya ndege. Ondoa karatasi ya kinga kwa sentimita tano tu kutoka ukingoni, pande zote mbili, kisha funika kwa tepu ya vinili ukifuata alama. Tepu ya karatasi haifuati mpindo na huacha gundi ipenye chini yake. Hilo ni kosa langu la kwanza, na linaonekana hadi leo upande wa abiria, mstari uliochongoka kama ufukwe.

Kusafisha, kukwaruza, kupaka praima

Gundi haishiki chuma, inashika kile kilichopakwa juu ya chuma. Rangi ya fremu ikiwa dhaifu, itabanduka na kanopi yako itaondoka nayo. Mimi niliikwangua fremu yote, nikapaka praima ya epoksi ya sehemu mbili, nikaiacha wiki ikauke, nikaikwaruza kwa pedi nyekundu pale pa kubandika tu.

Kwenye akriliki, kwaruza kwa pedi hiyohiyo ndani ya mipaka ya tepu mpaka mng'ao upotee. Futa vumbi kwa kitambaa chenye aktiveta, mkono mmoja, mwelekeo mmoja, ukigeuza upande wa kitambaa kila mara. Usijaze, lowanisha tu. Asetoni, tina, petroli na dawa za vioo zenye amonia zisifike karibu, kwa sababu huacha ndani ya akriliki nyufa ndogo kama nywele ambazo hazionekani leo, ila mwezi ujao zitaonekana.

Aktiveta ipumue dakika kumi angalau. Kisha tikisa kopo la praima mpaka usikie gololi za ndani zinagonga huru, na uendelee dakika moja zaidi. Paka kwa brashi safi tabaka moja jembamba lililofunika vizuri. Shika akriliki juu ya taa: ukiona nuru inapenya, jua nalo litapenya, ongeza pale palipo wazi. Ngoja nusu saa angalau kabla ya gundi, na ubandike siku hiyohiyo. Muda kamili umeandikwa kwenye karatasi ya bidhaa ya toleo ulilonunua. Ukipishana na haya yangu, fuata karatasi.

Praima iliyobaki kwenye kikombe usiirudishe koponi.

Sasa chukua vile vipande vya akriliki vilivyobaki na vibao vya chuma vilivyopakwa rangi ileile ya fremu, uvifanyie hatua zote hizi hizi na uvibandike vitatu kwa gundi ya katriji ileile. Viandike tarehe, viweke pembeni. Tutavirudia.

Siku ya gundi

Usiwe peke yako. Mimi nilikuwa na shemeji, na tulifanya mazoezi ya kuinua na kushusha kanopi mara nne mikono mitupu, tukikubaliana nani anasema nini. Joto la chumba lilikuwa nyuzi 22. Gundi huanza kufanya ngozi ndani ya saa moja hivi, pungufu kukiwa na joto na unyevu. Ukibandika Tanga mwezi wa nne, usikae kunywa chai kwanza.

Kata pua ya katriji iwe na pengo la pembetatu upande mmoja, ili gundi itoke kama paa la nyumba, kimo cha milimita 8 hadi 10. Umbo hilo ndilo linalofukuza hewa, kwa kuwa ncha hugusa kwanza kisha gundi hujitandaza pembeni. Mstari wa bapa hufungia mapovu. Anza nyuma, zunguka bila kusimama, na ukipita kwenye kipande cha mpira usikiruke, pitisha gundi pembeni yake pande zote mbili. Ukikatika, anza tena kwa kuingiza pua ndani ya gundi iliyokwisha wekwa.

"Shemeji, taratibu. Namba tatu."

"Nimeiona. Nne bado."

"Shusha yako kwanza, mimi nafuata."

Kanopi hushushwa wima, haiburuzwi. Ikishagusa gundi, minya kwa viganja kuelekea chini hadi unahisi vipande vya mpira vimepokea, hapo acha. Usitumie klampu. Tulitumia mikanda miwili ya kitambaa juu ya mfarishi uliokunjwa, ikiwa imekazwa tu kiasi cha kutoteleza, na mifuko midogo ya mchanga kwenye kona mbili za nyuma. Kutoka nje unaona gundi ikijitandaza chini ya akriliki, doa jeusi linalokua mpaka kufikia mstari wa praima. Pale ambapo doa halikufika, minya kidogo au ongeza gundi kutoka pembeni.

Kisha kingo. Ziba nafasi ya pembeni kwa gundi zaidi na ulainishe kwa kijiti kilichokatwa duara, mkono usisimame. Hapa ndipo nilipofanya kosa la pili. Kijiti kilinata, nikakilowanisha kwa spiriti ili kiteleze vizuri, na kweli kiliteleza vizuri mno. Wiki mbili baadaye sehemu hiyo ilikuwa bado inanata kama ulimbo. Alkoholi hula kile kinachoigandisha poliyurethani. Nikakwangua sentimita 40 na kuanza upya. Tumia kijiti kikavu, au glavu kavu, au kimiminika cha Sika kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Tepu itolewe gundi ikiwa bado mbichi, mara tu umemaliza kulainisha. Ivute ukiirudisha nyuma juu yake yenyewe, polepole, mwenzako akiipokea kwenye karatasi, kwa sababu kile kipande cheusi kinachoning'inia kitatafuta kioo chako. Gundi iliyoangukia akriliki usiipake kiyeyusho. Iache ikauke, kisha isugue kwa kidole gumba itoke kama kifutio.

Kusubiri

Gundi hii hukauka kuanzia nje kuelekea ndani, takriban milimita 3 kwa siku mwanzoni, na kasi hupungua kadiri inavyoingia. Katikati ya mstari wa milimita 20 hapapati unyevu ila kutoka kingo mbili. Siku saba bila kuigusa ni kiwango cha chini kwangu. Majira ya baridi Ohio hewa ya hita ni kavu kama jangwa. Niliweka sufuria ya maji karibu na hita, nikaongeza siku tatu.

Siku ya kumi chukua vile vipande vya majaribio. Kata ukingo wa kimoja kwa wembe, kamata akriliki kwa koleo, na uivute huku ukikata. Unachotaka kuona ni gundi imechanika katikati yake yenyewe, ikiacha ngozi nyeusi pande zote mbili. Ikibanduka safi kutoka kwenye akriliki au kwenye rangi, kuna hatua iliyoharibika, na kanopi yako ilipitia hatua hiyohiyo. Siyo habari njema, lakini ni heri kuipata garajini. Kwangu vyote vitatu vilichanika katikati, na kimoja kilivunja akriliki kabla gundi haijaachia.

Kioo cha mbele, na sketi

Kioo cha mbele hufuata hatua zilezile, ila kinakaa juu ya bati la aluminiamu mbele na juu ya upinde wa kinga nyuma. Acha nafasi ya milimita 3 kati ya kioo na kifuniko, maana vyote viwili vinatanuka vikielekeana. Ule ukingo wa fiberglasi na epoksi unaofunika muungano wa mbele ujengwe baada ya gundi kukauka kabisa, na usiushikamanishe kwa ugumu na akriliki bila kukwaruza vizuri, la sivyo utaachia mstari mweupe. Sketi za pembeni za kifuniko, yaani vipande vinavyofunika upenyo kati yake na bodi, nazo zinaweza kubandikwa kwa gundi hiyohiyo.

Rangi ya ndege ipakwe kabla, au uzibe gundi kwa tepu. Rangi ngumu juu ya gundi laini hupasuka.

Baada ya kuanza kuruka

Angani hewa inayopita juu ya kanopi huinyonya kuelekea juu, kwa hiyo gundi yako haikai ikikandamizwa, inavutwa. Kila ukaguzi wa mwaka mimi huzunguka kingo zote nikiwa na tochi, nikiminya akriliki kwa kidole gumba kutoka ndani na kutazama kama mstari wa weusi unafunguka popote. Nikiona doa la kijivu linalong'aa ndani ya weusi, hapo gundi imeachana na praima. Funika kanopi ndege inapokaa juani, na isafishe kwa maji na sabuni laini.

Siku ikibidi kuitoa, inafanyika kama wanavyofanya mafundi wa vioo vya magari: waya mwembamba, watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje, mnavutana kama msumeno. Uzi wa gitaa unafaa. Gundi ya zamani haihitaji kukwanguliwa hadi chuma. Kata ibaki tabaka la milimita moja, ifute kwa aktiveta, na gundi mpya itaishika ile ya zamani vizuri.